Nywila ya Pweza

Dada yangu alinipigia simu saa kumi na moja jioni, na hakunisalimia.

"Njoo uondoe lidude lako mlangoni kwa mama. Linajifungua lenyewe."

"Halijifungui, dada. Mnalibonyeza vibaya."

"Siku tisa mfululizo, saa ile ile, nalibonyeza vibaya? Usipokuja leo nalivunja kwa nyundo."

Akakata. Mimi na dada hatuivi chungu kimoja tangu utotoni. Nikabeba mkoba wa vifaa, nikaenda nimefura.

Kitasa kile cha umeme nilikiunda mwenyewe. Mama alipata kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, akawa hawezi kuinuka kumfungulia muuguzi. Basi dada alikuwa akimfungulia kwa simu akiwa kazini, na kwenye spika ndogo niliyoiweka juu ya mlango walisemezana. Chumba cha mama kiko uani, peke yake. Nilikuwa sijakikanyaga miezi minne. Nilijiambia kazi ni nyingi.

Nilifika jua linazama. Dada alikuwa amesimama uani, mikono kiunoni.

"Mama yuko ndani?"

"Ulitaka awe wapi, sokoni?"

Nilifungua kompyuta, nikaiunganisha na kitasa, nikasoma orodha ya waliokifungua. Dada. Muuguzi. Dada. Halafu, kila siku saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, jina moja.

Fundi.

Hapa lazima niseme ukweli. Katika kila kitasa tulichouza, tuliacha mlango wetu wa siri, nywila ambayo mteja haijui, ili kikiharibika tukitengeneze bila kutoka dukani. Mafundi wengi wana tabia hiyo. Nywila zilikuwa mbili: yangu, na ya mwenzangu wa karakana, tuliyemwita Pweza kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa kila mahali kwa wakati mmoja.

Iliyotumika ilikuwa ya Pweza.

Pweza tulimzika miezi minne iliyopita.

"Kuna nini?" dada aliuliza. "Mbona umesawajika?"

"Hakuna kitu. Kuna mtu anatuchezea."

Niliifuta nywila ile. Nikatazama saa.

Dakika arobaini kamili.

Tak.

Badala ya kujifungua, kitasa kilijifunga. Nikaingiza nywila yangu. Kikakataa. Nikaingiza ya dada. Kikakataa. Kisha nikasikia harufu... lehemu ya kuungia nyaya inayoungua, kama karakanani. Hapakuwa na kitu cha moto popote.

Na ndani, mama alikuwa anaongea.

Taratibu, kwa kituo, kama mtu anayeongea na mgeni anayempenda.

"Nani yuko na mama?" dada alinong'ona.

"Nenda ukazime swichi kuu. Kimbia!"

Njia ilikuwa moja tu: kuzima umeme, kuiruka bodi inayokiongoza kitasa, kuunganisha nyaya zake moja kwa moja, kisha kuuwasha tena. Swichi ilikuwa kwenye ukumbi wa nyumba kubwa, dada hanioni na mimi simwoni. Kwa kazi ya namna hiyo mafundi tuna sheria. Anayeshika nyaya anapaza sauti, "Nimeshika!" Hakuna anayegusa swichi mpaka atamke mwenyewe, "Nimeachia."

Nilimweleza dada haraka. Akaenda. Taa zikazimika. Nilipanda kwenye stuli ya uani, nikafungua kifuniko, nikashika nyaya tupu kwa vidole.

"Nimeshika!"

"Sawa!" dada akajibu kutoka nyumba kubwa.

Spika iliyo mbele ya uso wangu ikakwaruza. Haikuwa na umeme. Nawaapia, haikuwa na umeme.

"Nimeachia," ikasema. "Washa."

Kwa sauti yangu.

Nilitaka kupiga kelele. Umeme ukaniwahi...

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mgongo ukigonga sakafu, nyama ya vidole vyangu ikinuka, na mlango ukifunguka polepole.

Na nilimkumbuka Pweza. Alitaka kufuta milango yetu yote ya siri na kuwaambia wateja kwamba iliwahi kuwapo. Nilimwambia ataniua kwa njaa. Tuligombana asubuhi nzima. Mchana, mimi nikiwa kwenye swichi, akapanda ngazi, akasema, "Nimeshika." Msibani niliwaambia watu sikumsikia.

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikawasha.

Dada aliniinua, analia, ananitukana. "Si wewe umesema niwashe! Nimekusikia kwa masikio yangu!"

Tuliingia. Mama alikuwa peke yake. Kiti cha wageni kilikuwa kimesogezwa hadi ubavuni mwa kitanda, na ni kiti kizito ambacho muuguzi hukiburuta kwa mikono miwili.

"Mmemfukuza," mama alisema. "Kijana wa watu, kila jioni anakuja kuniangalia. Wewe ulikuwa wapi?"

"Mama, ni nani?"

Alinitazama kwa chuki ambayo sikujua kwamba mama anaweza kuwa nayo kwa mtoto aliyemzaa.

"Ameniambia ulimsikia."

Akageukia ukutani.

Siku ya tatu nilimtafuta mtaalamu wa usalama wa mitandao. Alinisikiliza akitafuna kalamu. Akasema sauti ya mtu siku hizi inaigizwa kwa kompyuta, mradi upate rekodi zake, na simu ya Pweza, iliyojaa rekodi zetu za kazini, haikuonekana tangu msibani. Huenda imeangukia mikononi mwa mtu mwenye kinyongo. Nikamuuliza, na spika isiyo na umeme? Akasema pengine betri yake ilikuwa na chaji. Na kiti je? Akasema yeye hashughuliki na viti.

Dada ameng'oa kitasa changu, ameweka kufuli la kawaida. Funguo anazo yeye. Nikibisha hodi uani, hata mchana kweupe, mama anamwambia asifungue.

Ila ikikaribia saa kumi na mbili na dakika arobaini, mama humwomba dada alitoe kufuli, auache mlango wazi. Na dada, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, analitoa, kisha anaondoka haraka bila kugeuka nyuma.