Chaji ya Pangoni

Kila nikikaa kuchambua mboga, mnataka habari ya pango. Haya, nawapa, ila atakayekojoa kitandani afue mwenyewe.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zinaingia Kilwa, walikuja wazungu kupima mapango juu ya kijiji cha Mitole. Abilahi, kijana wa hapo kijijini, akakabidhiwa jenereta: kazi yake kuchaji taa za kichwani, na simu zao, ambazo walipanda nazo kilimani kutafuta mtandao. Mdogo wake, Haruna, alibeba kamba kuingia ndani.

Desturi ya pango lile inajulikana. Jioni Mzee Likwata, mtambikaji wa pango, humwaga unga wa mtama mlangoni, kilima kidogo chenye ncha. Asubuhi kikikutwa kimesimama, mizimu ya humo imewaruhusu. Kikibomoka, rudini makwenu.

Asubuhi ile Abilahi alitangulia, akakikuta kimebomoka. Wazungu wangefunga virago, na jenereta waliyomwahidi ingeondoka nao. Akazoa unga, akaufinyanga upya kwa kiganja, akajipangusa kwenye suruali. Mzee alipofika akasema, "Wamekubali."

Siku ya kwanza taa zilijaa chaji. Kufika mlangoni, zimekufa. Abilahi akalaumu waya. Siku ya pili pakaanza kunuka nywele zilizoungua, na simu zilizozimwa zikawa zinaita ndani ya boksi.

"Si upokee," Haruna akamtania. "Labda mchumba."

"Nyamaza wewe. Huku mtandao hakuna."

Siku ya tatu, saa nane mchana, jua linachoma, Haruna alitoka pangoni mikono mbele kama kipofu, taa imezimika, midomo myeupe kama aliyelamba majivu, na Abilahi alipomdaka akahisi ameshika mtungi wa maji, baridi tupu, wala kutetemeka hatetemeki, na kutoka kinywani mwake, midomo haijasogea, sauti isiyo yake ikasema taratibu, "Taa zimekwisha. Sasa tunakula hiki."

Mzee Likwata akafukiza ubani. Wapi. Akamgeukia Abilahi.

"Unga niliumwaga mimi. Nani aliusimamisha?"

Abilahi akajipangusa tena kiganja kwenye suruali. Kucha za Haruna zikaanza kuwa za buluu.

"Endelea kunyamaza. Alasiri tutamzika mdogo wako."

"Ni mimi, babu. Nisamehe."

"Nikusamehe mimi nani? Mkono uliofinyanga, utie mle gizani mpaka kiwiko."

Akautia. Kitu kikaupokea kwa adabu, kama mgeni anavyopewa mkono barazani, kisha kikaanza kunyonya, na hakikuacha mpaka nyuma yake Haruna alipokohoa na kuomba maji.

Wazungu waliondoka siku ileile, jenereta wakamwachia. Haruna ana watoto sita sasa. Mkono wa kulia wa Abilahi unaning'inia, wa baridi, haushiki hata kijiko. Anakula kwa kushoto, na nani atakubali kushiriki naye sinia? Kwenye shughuli, wenzake wakisogea wanne wanne, yeye hupakuliwa chake pembeni, kwenye kibakuli cha mtoto.