Mji Chini ya Sebule

Kila Jumamosi asubuhi Ottilia alideki sebule ya nyumba yao, pale Mbinga mjini. Nyumba hiyo ilijengwa na babu yake kwa fedha za kahawa, na saruji ya sakafu ilikuwa imechimbika kwa uzee.

Jumamosi hiyo alideki kwa furaha. Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya sokoni yalianza kuuza vigae vya rangi mbalimbali, na Baba alikuwa amechagua vyekundu. Fundi Nathanieli angekuja mchana kupanga kazi, ili sebule ipendeze kabla ya Pasaka.

Karibu na ukuta, fagio la kudekia lilimponyoka. Mpini ulipogonga sakafu, palilia kama ngoma. Akagonga tena. Chini palikuwa na uwazi!

"Nyamaza," kaka yake Kilian alimnong'oneza. "Ukisema watachimba, na Pasaka itatukuta kwenye vumbi."

Ottilia alinyamaza. Fundi alikuja, akapima, akasema vigae vitabandikwa juu ya saruji ileile. Lakini mdogo wao Glorious alikuwa amelala mkekani, kando ya ukuta ule. Ottilia akamwangalia, kisha akamwendea fundi.

"Shikamoo, fundi. Pale panalia. Hebu gonga usikie."

"Marahaba, binti."

Fundi aligonga, akasikiliza, akamwomba Mama amwondoe mtoto. Kisha akapiga sururu. Saruji ilipasuka kama ganda la yai.

Chini yake ulikuwepo mji mzima wa mchwa. Vyumba juu ya vyumba, njia nyembamba zilizopinda, kuta laini kama zimepigwa lipu. Katikati alilala malkia, mnene kuliko kidole gumba cha Baba. Baba alivua kofia, kama anayeingia kanisani.

"Mungu wangu! Wadudu wasioona, wamejenga haya yote gizani?" alisema.

Fundi aliingiza mkono chini ya ukuta. Udongo ukamwagika.

"Msingi unaning'inia," alisema. "Masika haya ukuta ungeanguka."

Kilian aliinama. "Baba, mimi ndiye niliyemwambia anyamaze."

Mpango ulibadilika: kuchimbua, kujaza mawe, kujenga msingi upya, ndipo vigae. Pasaka walikula uani, miguu imejaa vumbi.

"Mngenyamaza," Baba aliwaambia, Glorious akiwa mapajani pake, "tungekuwa na sebule nzuri, na mtoto huyu tungemzika. Mkijua jambo la hatari, semeni, hata kama litawanyima mlichokitamani."