Saa ya Uongo Migori

"Mpe mgonjwa dawa kabla jua halijazama."

Simu ikakatika. Phanice Bitutu akaitupa kwenye kiti cha pili na kukanyaga mafuta. Aliyesema ni Makori, mkuu wake wa ujasusi kule Nairobi, na maana yake ilikuwa moja. Lori la silaha limekwisha kuvuka mpaka karibu na Kegonga. Lisifike Mbita, ambako boti inalingoja.

Land Rover ilipita Kosele ikirusha matope. Mvua za El Niño zilikuwa zimezitafuna barabara zote. Kiunoni alikuwa na bastola ya Browning. Mfukoni, kifaa kidogo cha Garmin kilichosoma saa kutoka kwa setilaiti.

Saa ndiyo iliyomleta.

Wiki iliyotangulia, Inspekta Maranga na askari wake walivamiwa nje ya Migori. Walikuwa na redio mpya za Motorola. Kituo cha Homa Bay hakikusikia neno, ila mkwaruzo tu, kama mafuta kikaangoni.

Hakupona hata mmoja.

Redio zile zilificha maneno kwa siri iliyobadilika kufuata saa. Kila asubuhi zilipewa saa na kompyuta ya kituo chao. Saa za vituo viwili zikiachana, askari wao hawasikilizani tena.

Na sasa Inspekta Mwikwabe wa Migori alikuwa nyuma ya lori lile.

"Mwikwabe, jibu. Over," Phanice aliita kwa redio ya gari.

Mkwaruzo.

"Mwikwabe."

Mkwaruzo.

Kituo cha Homa Bay kilitazama ziwa, ingawa maji hayakuonekana. Magugu yalikuwa yameyafunika, kijani kibichi, kama shamba lisilo na mwenyewe. Msimamizi Omwenga, mkuu wa kituo, alimpokea mlangoni.

"Karibu madam. Kwanza chai."

"Baadaye, afande."

Chumba cha mitambo kilikuwa na mtu mmoja, fundi Tony. Phanice aliweka Garmin kando ya kioo cha kompyuta. Saa zikalingana.

"Nionyeshe ya Migori."

Tony alibonyeza, akakunja uso. Migori ilikuwa nyuma kwa dakika kadhaa.

"Haiwezi, madam. Kompyuta ya Migori iko na programu inafanya kazi kichinichini, hata huioni. Kutwa inauliza hii kompyuta saa ni ngapi, inajirekebisha yenyewe."

"Una hakika inauliza hii?"

Tony alitazama tena.

"Hapana. Inauliza ingine. Hii namba siijui."

"Na ikidanganywa?"

"Uongo kubwa inakataa. Lakini ukiipea kidogo kidogo, inameza."

Kazi hii ilifanywa na mtu mwenye subira.

Aliinama nyuma ya mitambo. Waya mmoja wa kijivu haukwenda nje kama wenzake. Ulipanda darini. Aliufuata kwenye ujia, hatua kwa hatua, hadi uliposhuka juu ya mlango.

Mlango wa Omwenga.

Aliusukuma. Msimamizi alikuwa ameketi, bastola mkononi.

"Ungekunywa chai, madam," alisema polepole.

Phanice aliipiga teke meza. Ilimgonga Omwenga tumboni, risasi ikatoboa dari. Kabla hajaipiga ya pili, kifundo cha mkono wake kilikwisha kupindwa na pingu zimemfunga kwenye nondo za dirisha.

Ndani ya kabati la chuma, kompyuta ndogo ya Toshiba ilikuwa ikinguruma peke yake gizani, ikiidanganya Migori. Kando yake, simu ya setilaiti.

Ikalia.

Phanice aliipokea bila kusema. Browning ilikuwa imemkodolea Omwenga.

"Sisi tayari," ilisema sauti yenye Kiswahili cha mgeni. "Lori iko darajani, inajifanya imeharibika. Watu wetu wako ndani ya miwa. Askari wakishuka tu, kwisha."

Phanice akaibeba Toshiba, akakimbia hadi chumba cha mitambo. Tony alikuwa ameanza kuirekebisha saa ya Migori.

"Wacha hiyo. Redio ya Mwikwabe ilibeba saa mbaya tangu asubuhi. Ukitengeneza kompyuta yake sasa, yeye haimsaidii. Rudisha yetu nyuma, ilingane na uongo."

"Madam, nitaharibu saa ya kila mtu."

"Haribu."

Tony aliiua ile programu. Akaandika saa iliyokuwa kwenye Toshiba, akachomeka Motorola ichukue saa hiyo.

Mkwaruzo.

Mkwaruzo.

"...naona daraja. Homa Bay, nasema naona daraja. Over."

Sauti ilikuwa imekauka. Mwikwabe alikuwa amesema peke yake siku nzima.

"Mwikwabe, simama. Usishuke. Lori ni mtego, wamo ndani ya miwa. Over."

Breki zikalia redioni.

"Nimesimama. Over."

"Pitia mtoni. Watokee nyuma. Over."

Kisha ikasikika milio ya bunduki, mfululizo, na redio ikanyamaza. Tony alifumba macho, midomo ikicheza. Phanice hakuketi.

"Homa Bay. Wamesalimu amri. Mgeni wao tunaye. Lori imejaa bunduki. Kijana wangu mmoja ameumia mguu, ataishi. Over."

Phanice alirudi kwa Omwenga. Alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha.

"Maranga?" alimwuliza.

"Alianza kuuliza maswali." Omwenga alitazama sakafu. "Wale watu waliniambia aliita. Aliita Homa Bay mpaka mwisho."

Phanice aliikaza pingu, akatoka.

Nje, alimpigia Makori.

"Mgonjwa?"

"Amepona. Daktari wake ndiye mgonjwa. Tuma watu wamchukue."

"Vizuri. Rudi Nairobi."

"Kesho. Kwanza napitia Migori."

Kule Migori alikuwako Mellen, mjane wa Maranga. Kwenye mazishi watu walikuwa wamenong'ona mbele yake kwamba mumewe alilala kazini, ndiyo maana hakuita msaada.

Phanice alifuta matope kwenye kioo cha Land Rover, akawasha gari.