Nilificha Busha, Nikawa Shamba la Daktari

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, fundi cherehani hapa Diani. Ninayoyaandika yananichoma... Lakini heri mnicheke kuliko ninyamaze tena!

Mwaka aliotawazwa Malkia wa Uingereza nilikuwa na mke kipenzi, Mwanasha, na usiku na mchana tulimwomba Mungu mtoto. Ndipo busha lilipoanza kunivimba. Pwani yetu ugonjwa huu si mgeni, lakini nani huusema? Nilimwapisha mke wangu asimwambie mtu. Nikajishonea kanzu pana, na lilipokua nikashona pana zaidi.

Kulikuwa na daktari wa kulipwa karibu na soko. Nilimwamkia, nikainamisha kichwa. Kumhoji daktari si utovu wa adabu? Alinidunga sindano nene, akayatoa maji ya busha, nikalipa, nikarudi nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Baada ya miezi michache maji yakarudi! Nikaenda tena, yakarudi tena... Na kila nilipokwenda alinipokea kwa bashasha: "Karibu, bwana fundi!"

Siku moja nilijikaza, nikamuuliza kama hakuna dawa ya kulimaliza. Akatikisa kichwa. Alisema wanaopasuliwa wengi hawazai tena. Mimi niliyekuwa nikililia mtoto, ningethubutu vipi kukubali kisu?

Sasa sikieni upumbavu wangu. Kaka yangu Hamisi naye alikuwa akiniagiza kanzu pana. Akaaga kuwa anakwenda Tanga kibiashara, na aliporudi akaniletea kanzu zake zote nizipunguze. Futi ya kupimia ilikuwa mkononi mwangu! Nilijua, wallahi nilijua kuwa kapona. Lakini mdogo atamuulizaje kaka yake mambo ya huko chini? Nilizipunguza, tukazungumza habari za nazi, akaenda zake.

Kisha, baada ya sindano nyingine, homa ikanipanda. Nikavimba, nikatokwa na usaha, nikaweweseka... Mwanasha akakimbilia kwa Hamisi, wakanipeleka hospitali ya serikali, Msambweni. Roho yangu iliokolewa. Lakini uchafu ulikuwa umeingia kwa ile sindano, na korodani zote mbili zilikuwa zimeoza. Zilikatwa. Mtoto niliyemwomba sitamwona kamwe!

Hapo kitandani ndipo Hamisi alipofungua mdomo. Hakuwahi kwenda Tanga! Alipasuliwa katika wodi ileile niliyolazwa, na sasa mkewe alikuwa mjamzito. Na nani aliyemwelekeza? Daktari yule yule wangu! Hamisi aliwahi kufanya kazi ya kufagia wodi hiyo, akawaona waliopasuliwa wakitoka wazima. Basi alimwambia daktari, "Maji haya najua yatarudi. Nataka kupasuliwa." Daktari akamjibu palepale kuwa ndiyo tiba, na uzazi hautadhurika.

Daktari yule yule, ugonjwa ule ule! Aliyejua aliambiwa kweli. Mimi nisiyejua nikawa shamba, akavuna na kurudi kuvuna.

"Mbona hukuniambia, kaka?" nilimuuliza.

"Nawe, mdogo wangu, mbona hukuniuliza?" Akafunika uso kwa kofia yake, akalia.

Mwanasha alivumilia mwaka mzima. Kisha akaomba talaka huku akilia, nikampa. Nimlaumu kwa lipi? Sasa ameolewa Galu, na nasikia anaitwa mama.

Juzi Hamisi aliniletea mwanawe nimshonee kanzu ya Idi. Nilipompima kifuani alitekenyeka, akacheka. Nilishona kanzu ile nikilia, nikaomba radhi kwa kitambaa kulowa.

Ndugu zangu, adabu haijakataza kuuliza! Mkiingia kwa daktari, ulizeni ugonjwa utarudi au la. Ulizeni kama iko njia nyingine. Nendeni na mtu aliyepitia, na msimwachie mwenye kulipwa aamue peke yake mnachopaswa kujua.

Na wewe unayejificha ndani ya kanzu pana, njoo kwangu. Sitakucheka. Nitakupima, kisha nitakuuliza lile nililoona haya kumuuliza kaka yangu aliponiagiza kanzu pana.