Goli Lisilo na Kipa

Ndugu zangu wa Temeke, na nyie wa Chang'ombe pia, sikilizeni yaliyompata Gaspar siku hizi za Mwingereza. Nayasema waziwazi ili yasirudiwe.

Gaspar alikuwa karani wa bandarini, mtu wa Bukoba, ana mvi chache na kitambi kidogo. Kila jioni alivua viatu vya kazi, akavaa bukta, akaenda kiwanjani. Wenzake walikuwa watu wazima kama yeye: makuli, fundi cherehani, mwalimu mmoja mwenye goti bovu. Walikimbia kidogo, wakacheka sana. Vumbi liliinuka likawa na rangi ya asali, na mpira ulipopaa, Gaspar aliuona kama umesahau kushuka. Kwa kitambo kile hakuwa karani wala hakuwa mtu mzima. Alikuwa mwepesi.

Nyumbani mkewe, Auleria, alimsubiri barazani, mkono juu ya tumbo. Binti yao Demetria alikwishaolewa huko Bukoba, na kwa miaka mingi hawakupata mtoto mwingine. Mimba hii iliwajia wakati wameshaacha kuiomba.

"Leo umefunga?"

"Nimekosa magoli mawili, nikaanguka mwenyewe."

"Basi umecheza vizuri."

Gaspar aliinama, akaweka sikio tumboni. "Apolinari, unamsikia mama yako anavyonicheka?" Apolinari lilikuwa jina la marehemu baba yake. Alilitunza miaka yote hiyo, kama mtu anavyotunza shuka jipya kabatini akimngojea mgeni.

Amani hiyo iliharibiwa na kitu kidogo mno: kufungwa. Wazee wa Chang'ombe waliwafunga mabao matano, tena mbele ya mashemeji. Sokoni wakawa wanaulizwa, "Nyie, miguu mliazima?" Basi nahodha wao Fransis, muuza samaki mwenye sauti kubwa, akamleta mganga kutoka upande wa Pugu, jina lake Tabu.

"Mtalala kambi," mganga akasema. "Kuanzia Ijumaa mpaka mechi ya Jumapili iishe, hakuna kwenda nyumbani. Sauti ya mwanamke ikiwaingia masikioni, dawa imekufa."

Watu wazima wenye nyumba zao wakaitikia. Mwalimu naye akaitikia.

Auleria alimtazama mumewe akikunja mkeka. "Baba Demetria, mpira wa kujifurahisha nao unalaliwa kambi?"

"Mara moja tu. Na siku zako bado."

"Mimba haina kalenda. Uchungu ukianza?"

"Jirani yupo. Mwamvita akiniita tu, nakuja mbio."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Kambi ilikuwa katika shamba la minazi, nje kidogo ya mtaa. Walilala juu ya makuti, ubani ukifuka mchana na usiku, moshi ukipita taratibu kati ya vigogo. Wanawake walipopita njiani na ndoo zao, wanaume wote walivuma kwa koo, mmmm, kama mzinga wa nyuki, wasisikie neno. Gaspar aliupenda uvivu ule. Alilala akiota kiwanja kisichokuwa na mwisho, na yeye akikimbia bila kuhema.

Jumapili asubuhi, kati ya usingizi na moshi, akasikia jina lake.

"Baba Demetria! Baba Demetria wee! Njoo, mwenzio anaumwa!"

Akainuka.

"Kaa chini!" Fransis akamshika bukta. "Unataka kutuponza?"

"Ni kama sauti ya Mwamvita."

"Ni mashetani ya Chang'ombe yanaiga sauti. Si mganga ametuambia yatakuja? Haya, vumeni!"

Wakavuma. Gaspar akasimama kidogo, moshi ukimzunguka magotini. Akajiambia kwamba anaota. Kisha akaketi, akavuma na wenzake.

Wasomaji, msimtafutie visingizio. Sauti ile ilimwamkia dirishani kila asubuhi ikiomba kaa la moto. Aliijua.

Alasiri uwanja ulijaa watu, lakini Chang'ombe hawakuonekana. Refa akangoja mpaka akachoka. Mwishowe akapuliza filimbi, akasema Temeke watie mpira golini, wapewe ushindi. Wakamchagua Gaspar. Akausukuma kwa ndani ya mguu, nao ukaviringika polepole, polepole, ukapita kati ya milingoti miwili isiyokuwa na mtu, ukaenda kusimama peke yake kwenye nyasi.

"Dawa!" Fransis akapiga kelele. "Dawa imewafunga miguu!"

Wakambeba Gaspar mabegani. Ni kutoka kule juu alipoliona lori. Wachezaji wa Chang'ombe walikuwa wameketi ndani yake kimya. Nahodha wao Romani, mchonga vinyago, akaruka chini. Kifua kilikuwa wazi, na bukta yake ilikuwa na damu.

"Mmechelewa! Mmeshafungwa!" Fransis akamdhihaki.

"Nyamaza wewe. Gaspar, shuka. Tulipokuwa tunakuja tumemkuta jirani yako kasimama katikati ya barabara. Anasema tumkanyage au tumsaidie, maana mtaa mzima hauna mwanamume. Tumembeba mkeo na kitanda chake, tukampeleka hospitali. Amejifungua humu humu njiani. Damu imemtoka nyingi."

"Yu hai?"

"Yu hai. Daktari anasema ilibaki kidogo tu. Mtoto naye mzima. Wa kiume."

Hospitalini Gaspar alimkuta Auleria amelala, uso umepauka. Kando yake mtoto alikuwa amefungwa ndani ya fulana ya Chang'ombe.

"Mwamvita alikuita," Auleria akasema.

"Nilidhani naota."

"Hukudhani."

Gaspar akainama chini. Kisha akanyoosha mkono kwa mtoto. "Apolinari..."

"Anaitwa Romani. Ndiye aliyempokea, akavua fulana yake akamfunika. Nimeshamwita, naye ameshaitikia kwa kulia."

Gaspar akaurudisha mkono. Jina alilolitunza likabaki kabatini.

Auleria alipona, na Gaspar bado anacheza jioni. Vumbi bado lina rangi ya asali, na mpira bado unasahau kushuka. Lakini sauti ya mwanamke ikiita popote, hata kama anamwita mbuzi, Gaspar husimama akageuka. "Mpira huo, Gaspar!" wenzake humpigia kelele. Yeye huwa ameshafika ukingoni mwa uwanja, anasikiliza.

FUNZO

Akina baba, chezeni. Kukimbia kunawafaa, na kicheko mnachorudi nacho kinatufaa sisi nyumbani. Ila mchezo ukianza kukukataza mlango wako mwenyewe, umeacha kuwa mchezo, na anayekuletea sharti hilo hakutakii mema. Nyumbani wakikuita, acha mpira uende. Wapo wa kuuokota.