Mwezi wa Maboksi

Jumamosi mchana Fordsburg hujaa mpaka watu wanapishana ubavu ubavu. Magari yanapiga honi, mishikaki inafuka moshi kando ya njia, wauza chaja za simu wanaita wateja kwa lugha tatu. Ndani ya duka la viungo la Bushra, mama wa Kitanga aliyekaa Johannesburg miaka kumi na minane, lilikuwa limebaki fungu moja tu la majani ya mchuzi. Mikono miwili ikalishika kwa pamoja.

Mmoja ulikuwa wa kiume, wenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Wa pili ulikuwa na bangili mbili nyembamba za dhahabu, umetokeza kwenye koti zito la kiume lililovaliwa juu ya gauni la pamba la rangi ya ndimu. Mwanamume aliomba radhi kwa Kiingereza, lakini hakuachia.

Mwanamke akamgeukia Bushra, akasema kwa Kiswahili, "Mwangalie huyu. Kang'ang'ania kama shamba la baba yake."

"Shamba la baba lilikuwa la mkonge," mwanamume akajibu kwa Kiswahili hicho hicho. "Haya hatukupanda."

Bushra alicheka mpaka akaegemea mizani.

Mwanamume aliitwa Senthil. Alikuwa Mtamil aliyezaliwa Tanga, ambako baba yake alikuja kuendesha mitambo ya mkonge. Mwanamke aliitwa Bindu, Mmalayali aliyekulia Upanga, Dar es Salaam, binti wa mwalimu wa hesabu. Wote asili yao ni India ya kusini, lakini lugha za wazazi wao hazielewani vizuri. Walichokuwa nacho pamoja ni Kiswahili.

"Unafanya kazi gani, Mtanga?" Bindu aliuliza.

"Natengeneza cherehani za viwandani. Doornfontein. Wewe?"

"Natengeneza meno."

"Ya nani?"

"Ya bandia. Ukiendelea kunyang'anya watu vitu utakuja kuyahitaji."

Waligawana fungu lile katikati, na namba za simu.

Mwaka mzima ukapita kwa simu. Senthil alimpigia akiwa amelala chini ya mashine, kelele za karakana nyuma yake. Bindu alijibu akiwa na taya la plasta mkononi. "Umekula, Bibi Upanga?" "Nimekula. Wewe umenawa?" Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao, na yaliwatosha. Mwezi wa Juni walifunga ndoa Dar. Bindu alivaa sari nyekundu yenye pindo la dhahabu, Senthil shuka nyeupe iliyomtoka kiunoni mara mbili mbele ya wageni, na Bindu akamnong'oneza kwamba mtu wa Tanga hata shuka inamshinda.

Mama yake Senthil, aliyeitwa Amma na kila mtu, aliwapa sufuria mpya ya shaba. Kwa watu wao nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Kwanza huchemshwa maziwa katika chombo ambacho hakijawahi kutumika, yakaachwa yafure mpaka yamwagike, kwa maana kwamba nyumba ile itajaa mpaka izidi. Siku na saa huchaguliwa kwenye kalenda. Amma alichagua tarehe kumi na tano Julai.

Nyumba waliyoipata ilikuwa ghorofa ya sita, Doornfontein: vyumba viwili na dirisha la jikoni linalotazama mashariki. Mpangaji wa zamani alichelewa kuhama. Funguo zikaja tarehe kumi na tisa, na wakati huo vyumba vyao vya zamani walikuwa wamekwisha virudisha. Jioni ile ile Amma alipiga simu kutoka Tanga. Senthil alizungumza naye akiwa amesimama ngazini, maboksi kumi na moja yakiwa miguuni.

"Kuna nini?" Bindu aliuliza.

"Aadi imeingia."

"Nani huyo?"

"Mwezi. Mwezi wa kalenda yetu. Mpaka katikati ya Agosti. Nyumba haifunguliwi ndani ya Aadi. Maziwa hayachemshwi."

"Tukalale wapi sasa? Kwenye lifti?"

"Amma amekubali vitu viingie. Ila maboksi yasifunguliwe, jiko lisiwashwe. Na sisi wawili..." Akakuna kichwa. "Maharusi wapya hawalali nyumba moja mwezi huu. Bibi harusi hurudi kwao."

"Kwetu ni Dar, Senthil."

"Ndiyo maana nitatoka mimi. Nitalala kwa rafiki yangu Burhani, Fordsburg. Nitakuletea chakula kila siku."

"Kwa nini hasa tusilale nyumba moja?"

"Ili mtoto asije kuzaliwa Aprili. Kule India Aprili ni jua kali, mtoto anateseka."

Bindu alipandisha kola ya koti. "Aprili hapa watu wanatoa masweta kabatini," alisema.

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa yeye ni mama yangu, Bindu. Ni wiki nne tu."

Bindu angeweza kukataa. Hata kwao mwezi ule hausifiwi, ingawa baba yake alizicheka kalenda zote. Hakukataa kwa sababu alikuwa na siri. Mtoto mwenyewe alikuwepo tayari, ana wiki tano, na hakuwa na habari na Aprili. Bindu alitaka kumwambia mumewe siku ya maziwa, jikoni, sufuria ikifoka. Alikuwa amekwisha panga na maneno. Basi akanyamaza, akatabasamu, akamfunga mumewe shali shingoni na kumwambia asikorome kwa watu.

Wiki nne katika nyumba isiyofunguliwa ni ndefu. Agosti ya Johannesburg ina baridi kavu inayopasua midomo. Bindu alilala kwenye godoro katikati ya maboksi, dirisha halina pazia, taa za barabarani zikibadilika rangi juu ya dari. Alikunywa chai ya rangi kwa maji ya birika la umeme. Senthil alileta wali na sambari, mchuzi wa dengu, mchana, wakala wamesimama mlangoni kama wageni, akaondoka. Siku ya tisa alikaa dakika kumi. Siku ya ishirini akatuma chakula kwa dereva.

"Unanikwepa?" Bindu aliuliza kwenye simu.

"Nikikaa sitaondoka."

"Basi usiondoke."

"Usinifanye nichague, Bindu."

"Sijakufanya kitu. Unachagua kila jioni." Akakata.

Kesho yake, tarehe nane, saa nane mchana, Bindu aliinama kuokota kitana akasikia kiuno kimekatika. Alipokwenda chooni aliona damu. Alimpigia Senthil mara tatu. Senthil alikuwa chini ya cherehani yenye motori. Alipotoka akaona zile simu, akakumbuka ugomvi wa jana, akasema moyoni: acha kwanza zimpoe hasira. Lilikuwa ni wazo la kipumbavu na alikuja kulijua hivyo maisha yake yote.

Bindu aligonga ukuta kwa kiatu. Upande wa pili aliishi Clémentine, mshonaji kutoka Lubumbashi, mama mnene mwenye sauti ya kwaya.

"Fungula mulango, mama. Ni miye." Alipoingia na kuona, hakuuliza tena. Aliita gari, akampeleka kliniki, akamshika mkono mpaka daktari akasema kilichokuwa kimekwisha tokea. Akamrudisha, akamlaza, akamfunika blanketi lake mwenyewe.

"Uko unatetemeka. Nitakupashia maziwa. Sufuria iko wapi?"

Bindu alijikunja chini ya blanketi. Clémentine akafungua boksi la kwanza lililokuwa karibu, akatoa sufuria ya shaba, akawasha jiko. Alikuwa mpishi mwangalifu. Maziwa yalipofura akashusha moto, hayakumwagika hata tone.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya wanawake ya Afrika Kusini, karakana zimefungwa. Senthil alifika asubuhi na mfuko wa vitumbua wa kuombea msamaha. Mlango ulikuwa wazi. Kitu cha kwanza alichokiona ni sufuria juu ya jiko, utando wa maziwa umekauka ukingoni.

"Nani ametumia sufuria?"

Bindu alikuwa amelala amegeukia ukuta. "Clémentine."

"Sufuria ya Amma? Bindu, zimebaki siku nane. Siku nane tu."

"Nilikuwa na baridi."

"Yalimwagika?"

"Hayakumwagika. Aliyaangalia vizuri."

Senthil alitoka kwenye korido, akampigia mama yake kuuliza kuna dawa gani ya kosa kama lile. Bindu alimsikia. Kitamil na Kimalayali si mbali sana, na maneno aliyoyaelewa yalikuwa haya: maziwa, sufuria, jirani.

Clémentine alikuwa anakuja na uji. Alimsimamia mbele mpaka Senthil akakata simu.

"Papa, uko unauliza sufuria?"

"Mama, hili ni jambo la kwetu, hulielewi."

"Bibi yako amepoteza mimba jana. Nani aliyemubeba? Sufuria?"

Senthil aliingia ndani akapiga magoti kando ya godoro. Aliita jina la mkewe mara nyingi. Bindu alisubiri amalize.

"Nilikuwa nakungoja siku ya maziwa nikwambie," alisema. "Sasa nipishe nivae."

Alichukua mfuko mmoja, akaenda kukaa kwa Bushra, kwenye chumba cha juu ya duka. Simu za Senthil hakuzipokea. Bushra ndiye aliyejibu: "Amelala, mwanangu." "Amekula kidogo." "Leo hataki." Siku ya nne akasema, "Mimi mtu mzima, usinitume kusema uongo. Yupo hapa, anakusikia, hataki."

Aadi ikaisha. Asubuhi ya siku njema, saa ambayo Amma aliichagua kwa penseli, Senthil alizima simu yake, akaizungushia sufuria gazeti, akaenda nayo Fordsburg. Bindu alikuwa kaunta, anafunga iliki. Alivaa gauni lile la rangi ya ndimu. Lilikuwa limempwaya.

"Leo ndiyo siku," Senthil alisema.

"Siku ya nini?"

"Sijui tena." Aliweka sufuria juu ya kaunta. Kisha akauliza alichopaswa kuuliza kwanza. "Ulikuwa peke yako muda gani?"

Bindu aliendelea kufunga iliki. "Dakika arobaini. Niliziona kwenye simu, kila nilipokupigia."

"Iliuma?"

"Sana."

"Nilidhani umenuna."

"Najua ulichodhani. Nakujua, Senthil. Ndiyo maana inaniuma zaidi kuliko kama ungekuwa mtu mbaya."

Senthil alilia pale pale dukani, mbele ya wateja wawili. Bindu alimpa kitambaa cha kufutia mizani. Hakumgusa.

"Jumamosi naruka kwenda Dar," alisema.

"Utarudi?"

"Usiniulize leo."

"Basi chukua sufuria. Ni yako."

"Mpe Clémentine. Nyumba ameifungua yeye."

Senthil alifanya kama alivyoagizwa. Clémentine aliigeuza geuza mlangoni mwake. "Kitu muzuri hivi, papa? Nipike nini ndani?"

"Maziwa," Senthil alisema.

Jumamosi saa nne asubuhi simu yake iliita. Nyuma ya sauti ya Bindu kulikuwa na matangazo ya ndege.

"Umefungua maboksi?"

"Bado."

"Unangoja mwezi gani?"

Senthil aliyatazama maboksi.

"Mapazia yamo kwenye lile lenye kamba nyekundu. Yatundike, majirani wasikuone ukilala na viatu." Matangazo yakaita abiria wa Dar. "Chini ya mapazia kuna kitu. Usinitumie. Lakini usikitupe."

"Bindu..."

"Wanatuita, Mtanga." Akakata.

Senthil alikata kamba nyekundu kwa funguo. Aliyatoa mapazia, ya kijani, marefu kuliko dirisha. Chini kabisa, ndani ya soksi ya sufu, alikuta kikombe kidogo cha chuma chenye mdomo mwembamba kama wa jani lililokunjwa. Alikifahamu. Kwao kila mama huwa nacho. Ndicho cha kumnyweshea mtoto mchanga maziwa. Kibandiko cha dukani kilikuwa bado chini yake, na tarehe: kumi na nane Julai, siku moja kabla ya funguo.

Alikiosha kwa maji ya bomba, akakifuta kwa shati lake. Kabati la jikoni lilikuwa tupu, halijawahi kuwekwa chombo. Akakiweka humo, rafu ya juu, peke yake.