Mahali pa Zulaika

"Mahema mangapi, afande?"

"Moja."

Zulaika akaandika moja.

"Na wageni?"

"Wawili."

"Jina la mgeni wa pili niandike nani?"

Kapteni Zubairi akaegemea kaunta na kutabasamu, kama mtu anayetoa zawadi.

"Andika jina yako."

Kalamu ikamtoka Zulaika mkononi, ikabingirika mpaka sakafuni. Kumbe siku zote hizo alikuwa akijipangia safari mwenyewe bila kujua.

Tangu wanajeshi washike serikali, watalii walikuwa wameikimbia Kampala, na ile ofisi ndogo ya safari alikokuwa karani sasa iliishi kwa wateja wenye magwanda. Kapteni alitaka kwenda Lomaret, mbuga ya mtu binafsi huko mwisho wa kaskazini-mashariki, mwendo wa siku mbili kwa gari. Mwenye mbuga alishahama nchi, akaiacha mikononi mwa mlinzi mmoja mzee aitwaye Ogutu. Simu hakuna, jirani hakuna. Ukitaka kuongea na Ogutu unatumia redio ya ofisini. Zulaika ndiye aliyemuuliza habari za maji, za mafuta ya taa, na kama mto unapitika. Ogutu naye aliuliza kama wageni wanakula mbuzi, kwa sababu anaye mmoja tu na amemzoea. Jana yake jambo hilo lilimchekesha sana Zulaika. Leo halikumchekesha tena.

"Jumamosi alfajiri gari itakupitia nyumbani," alisema Kapteni. "Tukirudi, mimi nitaongea na baba yako. Abudu ni mtu yangu, alinifundisha gwaride."

Akatoka akipiga mluzi. Kapteni hakuwa ameuliza, kwa hiyo hapakuwa na pa kukataa. Miaka ile aliyemkatalia mtu kama yeye alipotea, na neno kupotea lilikuwa halitamkwi kwa utani katika mji ule.

Zulaika alipitia mlango wa nyuma mpaka uani. Abubaker, dereva wa ofisi, alikuwa chini ya Landrova, miguu tu nje. Walipendana kwa siri muda mrefu. Siri yenyewe ilitokana na mzee Abudu, sajenti mstaafu, Mnubi wa Kisugu, aliyekwisha kutangaza kwamba bintiye ataolewa na mwanaume anayekuja na mahari mkononi, siyo na hadithi mdomoni. Na Abubaker, Mungu amsaidie, hadithi alikuwa nazo gunia zima.

"Habali ya asubuhi, mpenzi?" alisema kutoka chini ya gari.

Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yake. Kiganda kilimfunga ulimi, basi penye r aliweka l, na penye l akaweka r, kila siku bila kukosa. Zulaika alizoea kumsahihisha na kumcheka. Safari hii alimsimulia yote huku akilia.

Abubaker alitoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Usirie," alisema. "Mimi natafuta mahari."

"Mahali," Zulaika alisahihisha kwa mazoea, kamasi zikimtoka.

"Ndiyo, mahari. Mahari ya kukuficha. Nikipata nitapiga simu pare kwa Fatumah. Nitasema maneno kidogo tu, simu siku hizi ina masikio mengi."

Fatumah alikuwa jirani yao mwenye duka, na simu yake ndiyo iliyohudumia mtaa mzima wa Kisugu.

Simu ilikuja Alhamisi. Zulaika hakuwepo. Aliporudi kutoka kazini alikuta mikeka imetandikwa uani, sufuria ya pilau iko jikoni, na shangazi zake wanaponda hina kana kwamba waliagizwa tangu mwaka jana. Baba yake alikuwa amevaa kanzu nyeupe.

"Baba, kuna nini?"

"Kwa nini wewe hukuniambia kijana iko tayari?"

"Tayari na nini?"

"Na mahari. Nilikuwa kwa Fatumah kwa foleni ya sukari, simu ikalia, Fatumah mikono imejaa, nikashika mimi. Akasema, mimi Abubaker wa Kansanga, mwambie Zulaika mahari nimepata, leo jioni nakuja. Akakata." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwanaume wa maneno kidogo. Mimi napenda."

Zulaika alifumbua kinywa aseme ni mahali, Baba, alimaanisha mahali, lakini mzee alimshika mkono, akamvuta pembeni.

"Habari ya Lomaret mimi nilisikia," alisema kwa sauti ya chini. "Usiku mimi silali. Nilikuwa sina jibu ya kumpa yule kijana, maana yeye na mimi tunaswali msikiti moja. Leo jibu nimepata. Binti amekwisha kuposwa, na Mwislamu haposi juu ya posa ya ndugu yake. Nimemwalika Kapteni aje awe shahidi wa ndoa, leo hii."

Kumbe baba alikuwa akiogopa kama yeye. Zulaika akameza lile neno. Angelitoa vipi? Lilikuwa limeshikilia nyumba nzima.

Kapteni aliwasili na gari lake la jeshi, uso umekunjamana. Akakaribishwa mkeka wa mbele karibu na sheikh. Akauliza mbona hakuambiwa mapema. Mzee Abudu akamjibu kwa adabu zote kwamba mahari imeingia leo leo, na shahidi wa kwanza aliyemfikiria ni mwanafunzi wake wa gwaride. Watu wakaitikia, wakamsifu Kapteni kwa kumheshimu mwalimu wake. Akabaki ameshika kikombe cha chai bila kunywa.

Ndipo Abubaker akatokea, na ovaroli yake ya kazi, begi la safari begani na dumu la petroli mkononi, tayari kumtorosha mtu. Akakuta uani mzee, sheikh, majirani na Kapteni mwenye bastola kiunoni. Akasimama kama nguzo. Wajomba wakamvua begi, wakamvika kanzu na kofia, wakamkalisha mbele ya sheikh.

"Mahari ni nini?" sheikh aliuliza.

"Mahali?" alisema Abubaker.

"Ndiyo, mahari uliyosema umepata."

Abubaker akatazama huku na huku. Kapteni akaweka kikombe chini.

"Sema," alisema Kapteni. "Mahari yako iko wapi?"

"Iko Kansanga," alijibu Abubaker, jasho likimtiririka. "Nyuma ya nyumba ya shangazi."

Watu wakatazamana. Nyuma ya pazia, Zulaika aliona kabisa neno linalofuata: kukuficha. Likitoka hilo, hakuna atakayelala salama. Alipotaka kusema, wanawake wakamziba mdomo, wakimnong'oneza kwamba bibi harusi hasemi mpaka aulizwe. Akawaondoa mikono yao.

"Sheikh, niulize mimi. Mahari ni haki yangu."

Sheikh akasita, kisha akageukia pazia. Kweli, ni haki yake.

"Haya, binti. Unataka mahari gani?"

"Nataka mahali."

"Mahari ndiyo nakuuliza."

"Nimesikia, Sheikh. Mahari yangu ni mahali. Chumba cha kukaa na mume wangu, kiwe changu. Amekwisha kukipata, huko Kansanga. Mimi nimeridhika."

Sheikh akawaza, ndevu mkononi, halafu akasema chumba ni mahari halali, na binti asiyetaka makuu ana baraka. Mzee Abudu akashusha pumzi iliyosikika mpaka jikoni. Kapteni akamtazama Abubaker, akalitazama pazia, akawatazama wazee wote waliokuwa wakimsubiri yeye. Akachukua kalamu, akatia sahihi ya shahidi kwenye cheti cha ndoa.

"Ile safari nimeacha," alisema akisimama. "Huko mvua ni mingi."

"Mvua ni mingi sana, afande," mzee aliunga mkono, ingawa ulikuwa msimu wa kiangazi.

Gari la Kapteni lilipokwisha kupinda kona, mzee Abudu aliketi chini palepale alipokuwa amesimama, akalia wazi mbele za watu, na hakuna aliyemshangaa.

Kesho yake asubuhi Zulaika aliwasha redio ya ofisini, akamwambia Ogutu kwamba hakuna mgeni tena. Redio ikakoroma kwa muda.

"Basi mbuzi wangu amepona," alisema Ogutu.

"Amepona, mzee. Tumepona wote."

Baada ya swala ya Ijumaa Abubaker alimpeleka Kansanga. Kilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba ya shangazi, kitanda kimoja, taa ya chemli, na dirisha lililotazama migomba. Akafungua mlango, akasimama pembeni kumpisha.

"Kalibu, mke wangu. Hii ndiyo mahari yako."

Zulaika akaingia, akakaa kitandani, akavua viatu. Siku hiyo hakumsahihisha.